Mlonge nauza, dawa ya chango nimeikataa, mama mkwe ananiita mnafiki

Shikamoo Bi Nesi,

Naandika saa tisa usiku mtoto kanilalia kifuani, simu nimeshika mkono wa kushoto kwa hiyo nikikosea herufi nisamehe, ila nisipoandika leo nitapasuka.

Nina miaka 27, niko Tanga mjini, huyu ni mtoto wangu wa kwanza na leo ana siku 24. Nilijifungua kawaida, nikashonwa nyuzi 2 tu, mtoto akatoka na kilo 3.1. Siku ya 7 kliniki alikuwa kilo 3.0 wakasema ni kawaida atapanda, toka hapo sijampeleka tena.

Sasa Bi Nesi kazi yangu mimi ni majani. Nauza unga wa mlonge, mchaichai mkavu, tangawizi ya kusaga, habat soda, nafunga mwenyewe paketi za gramu 100 nabandika na lebo, wateja wangu ni wa wasap na wengine nawatumia kwa basi mpaka Dar na Arusha. Na sijaanza kwa kuiga mtandaoni, bibi yangu wa Muheza alikuwa ananibeba mgongoni akienda kuchuma, mafua mimi natibu kwa tangawizi na ndimu, tumbo likiniuma nachemsha majani machanga ya mpera, panadol nahesabu mara ngapi nimemeza maishani. Kwa hiyo mtu asiniambie nadharau dawa za asili, hiyo ndo sehemu inayoniuma kuliko yote.

Mama mkwe alikuja toka Pangani siku ya 3 kuja kunilea arobaini yangu. Mwanzo raha tupu, asubuhi uji wa pilipili manga, mchana supu ya kuku wa kienyeji, ananikanda, ananifunga mkaja, chumba anakifukiza udi, yani nililia siku moja kwa kuona jinsi anavyonihangaikia. Basi kuanzia kama siku ya 15 mtoto akaanza kulia jioni. Ikiingia magharibi tu anaanza, anakunja miguu, anajikaza, hewa zinatoka, inaenda mpaka saa nne usiku ndo anatulia. Mama akasema hilo ni chango, mtoto wa kipupwe tumbo lake linashikwa na baridi ya kusi, akitibiwa mapema linakwisha. Mi nikamwambia mama tusubiri. Akanyamaza, nikadhani tumeelewana.

Jumamosi nimeamka saa kumi alfajiri mtoto hayupo kitandani. Nimetoka na tochi ya simu nikamkuta mama sebuleni kakaa chini kampakata, pembeni kuna kichupa cha plastiki cha soda, ndani vijiti vya mizizi vimefungwa na uzi mweusi, maji yake rangi ya chai ya rangi iliyolala. Anachovya kidole anamlambisha, alivyoona analamba vizuri akachukua kijiko. Nilisimama pale mlangoni miguu haisogei. Mtoto akalala mpaka saa nne asubuhi Bi Nesi, hajanyonya, matiti yangu yamejaa mpaka yanatiririka kwenye kanga, nikimwamsha anafungua jicho moja anarudi. Mama akaniambia unaona, siku zote hizi ulikuwa unamtesa bure. Nikamuuliza ni mizizi ya nini, akasema dawa haitajwi, ikitajwa inakufa nguvu. Nilivyombana akakubali kuwa ile ilikuwa mara ya tatu, na siku ya 5 alimlambisha asali kidogo ya kumfungua koo.

Hapo ndo nikapandisha sauti, nikasema mtoto hapewi chochote mpaka miezi 6. Mama hakupiga kelele. Aliinuka akaenda kwenye boksi langu la oda akatoa paketi ya mlonge akaniambia nisomee hapa. Na mimi ndo niliyeandika: "Inatibu sukari, presha, vidonda vya tumbo, inaongeza maziwa ya mama, haina madhara yoyote kwa sababu ni ya asili." Akasema, "Sasa mwanangu, ya kwako yenye paketi ndo dawa, ya kwangu yenye chupa ndo sumu? Nimelea watoto 7 kwa chupa hii na mmoja wao ndo huyo aliyekuoa." Nikakosa jibu. Mpaka sasa sina.

Mume wangu anafanya kazi ya shifti, anarudi kachoka, ananiambia mvumilie mama arobaini ikiisha ataondoka. Zimebaki siku 16! Mama hanisemeshi zaidi ya salamu, begi lake kalifunga lipo mlangoni ila haondoki. Na kuna vingine sijui nikubali au nikatae, kamfunga mtoto mvuje, ule utomvu mkavu unaonuka sana, kwenye kitambaa cheusi mkononi, anampaka wanja machoni, na usiku akiona baridi anaingiza jiko la mkaa chumbani tunafunga dirisha.

Nijibu Bi Nesi. Mimi ni mnafiki? Mtoto wangu yuko salama? Na kama chango ni kweli kuna kitu cha asili naweza kumpa ambacho ni salama? Na huyu mama nimzuieje bila kumvunja, maana kwa kweli nampenda.

Mama Kichanga, Tanga

---

Marahaba mwanangu, na hongera ya uzazi.

Kabla ya lolote: kukipambazuka beba mtoto na kadi yake nenda kliniki, na kile kichupa kibebe vile vile kilivyo na mizizi yake ndani, usikimwage kwa hasira. Waambie alipewa mara ngapi, mara ya mwisho lini, kiasi gani, na ile asali pia usiifiche. Usione haya, manesi tumeyasikia hayo maelfu ya mara. Akapimwe uzito. Mtoto mchanga anapungua kidogo siku za mwanzo halafu mpaka wiki 2 anatakiwa awe amerudia uzito aliozaliwa nao, baada ya hapo anaongeza kama gramu 20 mpaka 30 kwa siku, kwa hesabu hiyo wa kwako saivi awe kwenye kilo 3.3 mpaka 3.4 au kuzidi. Akiwa bado yuko 3.1 lazima aangaliwe vizuri. Na kama muda huu unaponisoma hataki kunyonya, au analegea mpaka umtikise ndo asogee, au mwili umechemka nyuzi 37.5 na kuendelea, au umekuwa wa baridi, au anahema haraka mara 60 na zaidi kwa dakika, au kifua kinabonyea ndani akivuta pumzi, au amestuka stuka kama degedege, usingoje kupambazuka. Nenda sasa hivi usiku huu huu.

Nimelianza hilo kwa sababu ya ule usingizi, barua yako nimeisoma mara mbili na kila nikifika pale nasimama. Masaa 6 kwa mtoto wa siku 20 na kitu, matiti yanatiririka na yeye anafungua jicho moja anarudi, mwanangu ile si nafuu. Kichanga ananyonya mara 8 mpaka 12 kwa siku nzima usiku na mchana, tumbo lake dogo linaisha upesi, njaa ndo saa yake. Kitu kilichomlaza mpaka njaa isimwamshe ni kitu kilichomlewesha. Mama mkwe wako aliona mtoto katulia akafurahi kwa moyo safi kabisa, sina shaka na moyo wake, ila mtoto aliyetulia na mtoto aliyeleweshwa kwa macho wanafanana. Na piga hesabu ya kile kijiko. Kijiko kimoja cha chai ni kama mililita 5. Kwa mtoto wa kilo 3 na nusu ni sawa na mtu wa kilo 70 anywe vijiko 20, yaani nusu glasi ya dawa ya mizizi iliyolala, kwa mkupuo, na mtu huyo ini lake na figo zake ndo kwanza zinajifunza kazi.

Mwaka 1994 nikiwa wodi ya watoto aliletwa mvulana wa wiki 5, kalegea kama kanga iliyoloa. Bibi yake alikuja na kichupa kakificha kwenye kanga, alikitoa tulivyomuuliza mara ya tatu, kikanuka magome na pombe kidogo. Daktari akamuuliza bibi ni mti gani, bibi analia anasema sijui, nimepewa, dawa haitajwi. Unaelewa tulivyokaa pale? Tungejua mti tungejua tunapambana na nini, ini, moyo, au usingizi. Hatukujua tukabaki kumwekea maji na kumlisha kwa mpira na kumwangalia. Alipona siku ya 5. Wa mwaka uliofuata hakupona. Kwa hiyo mimi neno "haitajwi" naliogopa kuliko mizizi yenyewe. Naelewa lilikotoka, mganga akitaja mti wake kesho kila mtu anachimba na yeye watoto wake wanalala njaa, ilikuwa ni kulinda riziki. Lakini mtoto akizidiwa siri ile inamfunga mikono hata anayetaka kumwokoa.

Sasa hili la chango. Kilio cha jioni kinachoanza wiki ya 2 au ya 3, mtoto ananyonya vizuri, anakojoa vizuri, anaongezeka, halafu ikifika magharibi anakunja miguu na kulia mpaka anachoka, kipo dunia nzima, watoto wa kipupwe wanacho na wa kiangazi wanacho. Kinapanda mpaka wiki ya 6 hivi ndo kilele, halafu kinashuka chenyewe, ikifika miezi 3 au 4 kimeisha. Kwa hiyo ukimpa dawa wiki ya 3 kitaongezeka utasema dozi haitoshi, ukimpa mwezi wa 3 kitaisha utasema dawa imefanya kazi. Ndo maana kila familia ina chupa yake na kila chupa ina sifa. Hao watoto 7 wa mama walipona chango kwa sababu chango linapona.

Umeniuliza kitu cha asili cha kumpa. Cha kumwingiza mdomoni hakuna, ni maziwa yako tu mpaka miezi 6, hata maji meupe hapana. Na asali marufuku mpaka afikishe mwaka, hata kidole, hata iwe ya porini ya mzinga wako mwenyewe, kwa sababu asali inaweza kubeba vijidudu ambavyo mtu mzima havimfanyi kitu ila kwenye utumbo wa mtoto mchanga vinaota na kutoa sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumua. Wa kwako kalambishwa siku ya 5, wengi hawapati shida, wewe angalia tu kama anaanza kukosa choo siku nyingi, kilio kimekuwa chembamba, shingo inalegea kuliko mwanzo, kunyonya kumekuwa dhaifu. Ukiona hivyo unakimbia hospitali na unasema neno asali.

Cha kumfanyia ndo kipo tele. Jioni kabla hajaanza mlaze kifuani kwako ngozi kwa ngozi, yeye na nepi tu, kanga nzito juu yenu wawili, baridi yote ya kusi inaishia hapo. Ukimaliza kumnyonyesha msimamishe begani mpaka acheue, usiwe na haraka. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kama chui juu ya tawi, tumbo likae kwenye kiganja chenye joto, tembea naye barazani, ila kulala kitandani alale chali. Mama amkande miguu akiikunja kuelekea tumboni taratibu, mikono yake ipakwe mafuta ya nazi, na nakuhakikishia mikono ya mwanamke aliyelea 7 inajua kitu hapo ambacho mimi nesi nilijifunza kitabuni. Dakika nyingine atalia tu na hutoweza kumzuia. Hapo mpokezane.

Haya, unafiki.

Mama mkwe wako kakuuliza swali la haki na wewe ulikosa jibu kwa sababu ile lebo yako ina makosa. Samahani mwanangu lakini umeniandikia nikushauri. Umeandika haina madhara yoyote kwa sababu ni ya asili. Hiyo sentensi ndo hiyo hiyo iliyo ndani ya kichupa cha soda, tofauti yako na mama ni karatasi ya lebo. Mwarobaini ni wa asili, huu huu unaotupa kivuli barazani, na Malaysia mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari waliandika habari za vichanga waliopewa mafuta yake kidogo kwa nia njema ya nyumbani, wakatapika, wakalegea, wakapata degedege na wengine wakafa. Mlonge wenyewe unaouuza, majani yake ni chakula kizuri mno, yana madini ya chuma na kalsiamu na vitamini A, lakini mizizi na magome yake mjamzito hatakiwi kuyagusa. Mti mmoja huo. Na kama mteja wako wa Arusha anameza vidonge vya sukari halafu akasoma paketi yako inatibu sukari akaacha vidonge, wewe hutamwona akianguka, utaona tu hajaagiza tena.

Mimi siyo adui wa majani, mama yangu mzazi alikuwa mkunga wa jadi, nyumba yetu ilinuka kivumbasha na mrehani mpaka kwenye mashuka. Na dawa mseto tunayopewa zahanati kwa malaria msingi wake ni mmea, artemisia, Wachina waliutumia karne nyingi mpaka mtafiti wao Tu Youyou na wenzake miaka ya 1970 wakatoa ndani yake kile kinachofanya kazi, wakajua kiasi gani kwa uzito gani, na 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Kwa hiyo majani yana nguvu, na ukikubali yana nguvu umekubali yanaweza kudhuru, huwezi kuchukua moja ukaacha lingine. Jibu la mama ndo hilo, kwamba mama kweli nilikosea kuandika vile, lebo naifuta, ya kwangu na ya kwako zote tuziulize maswali yale yale: ni mti gani, sehemu gani ya mti, kiasi gani, kwa nani. Kwa mtu mzima utayajibu. Kwa kichanga mimi miaka 31 ya kazi sikukutana na mizizi iliyoyajibu yote manne.

Na hiyo lebo uifute kweli. Andika ni unga wa majani ya mlonge, umekaushwa kivulini lini, kijiko kimoja kwenye uji au mboga, basi. Ukitaka kuandika inatibu, Tanzania tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na kuna Baraza lake linalosajili waganga na dawa, pita njia hiyo.

Sasa kumzuia mama bila kumvunja. Mama yangu mkunga alikuwa na kanuni moja, kichanga dawa yake anakunywa mama. Alisema mtoto hana mdomo bado, mdomo wake ni ziwa. Nenda na hiyo kwa mama mkwe wako maana ni lugha yake, ni ya wakunga wa pwani siyo ya kwangu ya wodini. Mwambie kila ulichokuja nacho toka Pangani nipe mimi. Uji wa pilipili manga uendelee, supu iendelee, samaki, mchicha na matembele kwa wingi, unga wako wa mlonge kijiko kimoja kwenye uji. Kama anajua kupika uji wa uwatu mwambie akupikie, wanawake wa pwani na Uarabuni wamekuwa wakila uwatu kwa ajili ya maziwa miaka na miaka, ila kidogo kidogo na umwangalie mtoto, wengine wanajaa gesi mama akila, ukiona hivyo acha, na kama una sukari au pumu usianze bila kuuliza kliniki. Mizizi isiyotajwa hata wewe usinywe, inaweza kupita kwenye maziwa.

Kukandwa sawa, ila maji yawe ambayo kiwiko chako kinayavumilia, nimeshaona mapaja yaliyobabuka kwa mkandaji mwenye mapenzi mengi. Mkaja sawa usibane mpaka ukose pumzi. Udi afukize chumba nyie mkiwa barazani, moshi ukitoka ndo mnaingia, mapafu ya mtoto hayataki moshi wa aina yoyote hata unaonukia.

Jiko la mkaa hapana. Hapa sikupi nusu. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, mnasinzia wote watatu na hamuamki, na kila msimu wa baridi habari hizo zinatokea. Kipupwe cha Tanga si baridi ya kuua mtoto mwanangu, ni soksi, kofia, blanketi na kifua chako. Dirisha acha upenyo, pepo ya kusi usimwelekezee, kitanda hamishia ukuta wa pili.

Mvuje mwachie. Ni harufu tu, kitambaa kiko nje ya mwili, na kwake ni dua iliyofungwa uzi. Angalia tu uzi usimbane, usikae shingoni, na siku mtoto akianza kupeleka mkono mdomoni uhamie juu ya chandarua. Wanja hapana, wanja wa jiwe mwingi una madini ya risasi na unapita machoni na mdomoni, risasi inaumiza ubongo unaokua. Mwambie mama akupake wewe nyusi kama anataka urembo ndani ya nyumba.

Mumeo aamke. Huyu ni mama yake na maneno ya kumzuia mama yatoke kwa mwana, asikutume wewe uliye na mshono. Aende naye barazani, achemshe chai, amshukuru kwanza kwa kuja na kwa wale 7, halafu aseme mama mimi na mke wangu tumeamua mtoto hapewi kitu mdomoni mpaka miezi 6, uamuzi wangu mimi. Akisema "mke wangu hataki" kakuuza. Halafu kesho kliniki mwende na mama. Yeye ndo ambebe mtoto, yeye ndo akabidhi kichupa. Nesi mwenye akili hatamgombeza, na akimgombeza wewe msimamie, sema huyu ndo aliyenilea. Nimeona mabibi wengi wakisikia mizani ikisomwa, wanainama wenyewe waone mshale umesimama wapi, na kuanzia hapo wanakuwa walinzi wakali kuliko mama mtoto, mgeni akija na kijiko anafukuzwa na bibi.

Na lile begi mlangoni. Mtu aliyeamua kuondoka anaondoka, Pangani si mbali. Yeye anasubiri mtu alirudishe chumbani. Lirudishe wewe, leo, kabla hujasema neno lolote la dawa.

Uzito wa kesho niandikie.